Huru na Sahihi



Wale kati yenu waliosoma Kifaransa wanalijua neno aile, yaani bawa. Kutokana na neno hilo Wafaransa walipata jingine, aileron, maana yake bawa dogo, na marubani wa nchi nyingi wamelipokea. Kwa Kiswahili nitaliita eleroni. Ni kipande kirefu na chembamba kilichofungwa kwa bawaba kwenye ukingo wa nyuma wa bawa la ndege, karibu na ncha. Kila bawa lina eleroni yake. Moja ikipanda, nyingine hushuka. Bawa ambalo eleroni yake imeshuka huinuliwa na hewa, lile ambalo eleroni yake imepanda huteremka, na ndege hulala upande ili ipate kukata kona. Katika ndege ya watu wawili eleroni ni nyepesi kiasi kwamba mtu huibeba kwapani. Lakini pasipo hiyo, rubani naye ni abiria tu.

Nataka kuwaeleza jinsi eleroni inavyofungwa na kupimwa katika ndege inayoundwa na mtu binafsi kwa mikono yake. Niliishuhudia kazi hiyo kwa siku mbili, nikiwa mgeni asiyejua lolote kuhusu ndege, na tangu hapo nimeitumia mara nyingi kueleza tofauti kati ya maneno mawili ambayo vijana huyachanganya: huru na sahihi.

Mdogo wangu anaishi na familia yake Dayton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Ndio mji wa Wilbur na Orville Wright, ndugu wawili waliokuwa mafundi wa baiskeli kabla hawajawa warushaji wa ndege. Mwaka 1899 Wilbur, akiwa dukani mwao, alishika boksi refu jembamba la mpira wa ndani wa baiskeli, akazipinda ncha zake kwa pande mbili tofauti. Hapo akaona jinsi mabawa ya ndege yanavyoweza kupindwa ili rubani aitawale. Wengi wa wakati ule walishughulika kutafuta injini yenye nguvu. Hao wawili walitafuta kwanza namna ya kuongoza. Tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk katika jimbo la North Carolina, ndege yao iliruka kwa sekunde 12, umbali wa mita 37 hivi. Baadaye eleroni zilichukua nafasi ya mabawa yanayopindwa, lakini kazi yake ni ile ile.

Nilipomtembelea mdogo wangu, jirani yake, mzee mstaafu aliyewahi kufundisha ufundi shuleni, alikuwa amekaribia kumaliza kuunda ndege. Msishangae. Goma kijana hujichongea chukudu kwa mbao na kuipakia magunia ya viazi. Marekani sheria inamruhusu raia kujiundia ndege, mradi sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, ifanywe na watu wanaoijenga kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Ikikamilika hukaguliwa, kisha hurushwa kwa saa kadhaa za majaribio, kwa kawaida 25 au 40, katika eneo lililotengwa na bila kuchukua abiria. Mzee huyo alinunua vipande vya ndege aina ya RV-7, yenye viti viwili vilivyo sambamba, kutoka kampuni ya Van's Aircraft, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973 na yenye makao yake katika jimbo la Oregon. Zaidi ya ndege 10,000 za jamii hiyo ya RV zimekwisha kuruka. Vipande hufika katika masanduku: bati za alumini, mbavu za bawa, boriti, na ribiti kwa maelfu. Mengine yote ni mikono na subira.

Mabawa ya ndege hiyo, toka ncha hadi ncha, ni mita 7.6, kwa hiyo kazi ya mwisho haikuweza kufanyika nyumbani. Mzee alikuwa amekodi banda kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji. Alihitaji watu wawili wa kumsaidia, mmoja kwenye kiti cha rubani na mwingine kwenye bawa. Mtoto wa mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 17, alijitolea, naye akanivuta na mimi.

“Baba Mkubwa,” aliniambia, “wewe kazi yako ni kushika na kutazama. Mimi nitakutafsiria.”

Siku ya kwanza tulitafuta katikati. Eleroni ina mahali pake pa kupumzikia, pale ambapo haipandi wala haishuki, na vipimo vyote huhesabiwa kuanzia hapo. Ukimwuliza asiyeijua kazi aanzie wapi, huenda akasema: simamisha fimbo ya rubani wima, kisha ulinganishe eleroni mbili hadi zifanane. Mzee hakufanya hivyo, naye alitueleza sababu. Eleroni mbili zaweza kufanana kabisa na zote mbili zikawa zimekosea. Ukiipima ya kulia kwa ile ya kushoto, umeuliza swali kwa mtu asiyejua jibu.

Yeye alianza na bawa lenyewe. Ubavu wa mwisho wa bawa una vitundu vilivyotobolewa kiwandani kwa ajili ya kazi ya uundaji. Mstari unaopita katika vitundu hivyo, ukirefushwa hadi nyuma, unaonyesha mahali ambapo ukingo wa nyuma wa eleroni unapaswa kukaa. Akaibana eleroni ya kushoto mahali hapo kwa ubao ulionyooka na vibano, kisha akaizunguka ndege nzima na kuirudia kazi hiyo upande wa kulia, akianza tena na vitundu vya ubavu wa kulia. Baada ya eleroni ndipo zilipofuata flapu, zile sehemu za bawa zilizo karibu na kiwiliwili ambazo hushushwa wakati wa kutua. Flapu zililinganishwa na eleroni, na ncha za mabawa vivyo hivyo. Bawa linaipa eleroni nafasi yake, na eleroni inazipa flapu nafasi yao. Ukiugeuza utaratibu huo, upungufu mdogo wa flapu unahamia kwenye chombo kinachoishikilia ndege angani.

Kisha tukaingia ndani ya bawa. Kati ya fimbo ya rubani na eleroni kuna mrija mrefu wa alumini unaosukuma na kuvuta, halafu kuna kipande cha chuma kinachozunguka kwenye boliti na kuugeuza mwendo, halafu mrija mfupi unaoishia kwenye eleroni. Kipande hicho cha kati hufanya kazi kama kiwiko cha mkono, nami nitakiita hivyo. Kiwiko nacho kina katikati yake, na kampuni hutoa kipimo cha kutengenezea kigezo cha kukishikilia pale pale. Basi kila kitu husimamishwa katikati kwa wakati mmoja: fimbo imefungwa wima, kiwiko kimeshikwa na kigezo, eleroni imebanwa kwenye mstari wake. Ndipo mirija hurefushwa au kufupishwa kwa kuzungusha vichwa vyake vyenye uzi wa skurubu, mpaka matundu yakutane.

Hapo niliona jambo lililonipendeza. Boliti ya mwisho lazima iingie kwa kusukumwa na vidole tu. Mzee alikuwa na nyundo mezani, lakini haikuguswa. Kijana wetu aliposema kwamba imebaki tofauti ndogo sana, kiasi cha unene wa ukucha, mzee aliitoa boliti, akazungusha kichwa cha mrija nusu mzunguko, akajaribu tena. Alisema boliti iliyopigwa nyundo haiondoi tofauti. Inaificha ndani ya mrija, nayo itasukuma kutoka humo muda wote ndege itakapokuwa hai.

Baada ya hapo kila nati ilikazwa na kupigwa mstari wa rangi, ili siku ikizunguka hata kidogo mstari ukatike na jicho lione. Kwenye vichwa vya mirija, ambamo mna gololi inayozunguka, aliweka washa pana kuliko gololi yenyewe, ili hata beringi ikivunjika mrija usichomoke. Jioni hiyo kijana aliketi katika kiti cha rubani, akaisogeza fimbo kushoto na kulia. Ilisogea kwa ulaini, bila kukwaruza, bila kukwama popote.

“Baba Mkubwa, imeisha!” alisema kwa furaha. “Ona inavyokwenda.”

Akamtafsiria na mzee. Mzee alitabasamu, akaenda ukutani palipobandikwa orodha ya ukaguzi ambayo rubani huisoma kabla ya kuruka, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Mstari huo una maneno mawili. La kwanza linasema vyombo vya kuongozea viwe huru. La pili linasema viwe sahihi. “Mwalimu,” aliniambia kwa kinywa cha kijana, “leo tumelipata la kwanza.”

Siku ya pili ilikuwa ya kulitafuta la pili, nayo ilianza na pembe. Kipimapembe cha kielektroniki kiliwekwa juu ya eleroni ikiwa katikati, kikasoma sifuri. Kisha fimbo ilisogezwa mpaka mwisho. Katika RV-7 eleroni hupaswa kupanda kati ya nyuzi 25 na 32, na kushuka kati ya nyuzi 15 na 17. Niliuliza kwa nini ipande zaidi kuliko inavyoshuka. Jibu ni kwamba eleroni inayoshuka huliinua bawa, lakini pia hulikamata na kulivuta nyuma, hata pua ya ndege ikaelekea upande ulio kinyume cha kona. Hata ndugu Wright walipambana na tabia hiyo mwaka 1902, wakaweka usukani unaosogea mkiani. Kwa kuipunguzia eleroni kushuka na kuiongezea kupanda, fundi hupunguza ubishi huo.

Eleroni ya kushoto ilipanda nyuzi 28. Ya kulia ilipanda 23 tu. Tulishangaa, kwa maana zote mbili zilikuwa zimekaa sawasawa kwenye mistari yake. Mzee akafungua kifuniko kilicho chini ya bawa la kulia, akakirudisha kigezo kwenye kiwiko. Hakikuingia. Wakati wa kukaza nati siku iliyotangulia kigezo kilikuwa kimeteleza, kiwiko kikasogea, na mrija mfupi ukapimwa kulingana na kiwiko kilichokwisha kupinda. Kwa hiyo mrija mrefu ulikuwa na kasoro, na mrija mfupi ulikuwa na kasoro nyingine iliyoifidia ile ya kwanza. Eleroni ilipokuwa imetulia, kasoro hizo mbili zilifunikana, na macho yetu sisi watatu hayakuona neno. Iliposukumwa hadi mwisho ndipo zilipojitenga. Kazi ya upande huo ikafunguliwa yote na kuanzwa upya, saa tatu nzima. Ilipopimwa tena, ilipanda nyuzi 28 kama mwenzake.

Lakini hata pembe hizo hazikumtosheleza. Lilibaki swali ambalo kwa mgeni linaonekana la kitoto: fimbo ikienda kushoto, je, ni eleroni ya kushoto inayopanda? Mnaweza kusema hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kukosea hapo. Basi sikilizeni.

Tarehe 23 Agosti 1947, huko Woodford nchini Uingereza, ndege ya majaribio ya Avro Tudor ilianguka mara tu baada ya kuruka. Nyaya za eleroni zilikuwa zimeunganishwa kinyume. Kati ya waliokufa alikuwamo rubani mkuu wa majaribio, Bill Thorn, pamoja na Roy Chadwick, mhandisi aliyebuni ndege mashuhuri ya Lancaster. Miaka 71 baadaye, tarehe 11 Novemba 2018, ndege aina ya Embraer 190 ya shirika la Air Astana iliondoka Alverca nchini Ureno baada ya matengenezo makubwa. Nyaya za eleroni zilikuwa zimepishana. Watu 6 waliokuwamo walitangatanga na ndege isiyotawalika, inayobiringika upande huu na upande ule. Walipoelewa tabia yake, walishuka katika kiwanja cha Beja katika jaribio la tatu, wakaokoka wote.

Kwa nini hata mafundi stadi hupatwa na jambo hili? Kwa sababu nyaya mbili au mirija miwili hufanana, na mfumo uliogeuzwa husogea kwa ulaini ule ule wa mfumo ulionyooka. Mkono hauhisi tofauti yoyote. Na angani hali huwa ya kutisha: ndege inalalia kulia, rubani anasukuma fimbo kushoto kama alivyozoea, nayo inazidi kulala kulia, anasukuma zaidi, inalala zaidi. Kadiri anavyojitahidi kujiokoa ndivyo anavyojiangamiza. Ndiyo maana kanuni za Uingereza zinadai kwamba mfumo wa kuongozea ukiguswa, ukaguliwe na watu wawili, kila mmoja kwa macho yake.

Mzee alimweka kijana kwenye kiti na kunisimamisha mimi nyuma ya bawa la kushoto. Kijana alimwuliza kwa nini anamtumia Baba Mkubwa, ambaye hajui chochote, badala ya rubani mmojawapo wa jirani. Mzee alijibu kwamba siku chache zijazo rubani mzoefu naye angekuja kukagua. Ila kwa jambo hili la kwanza alitaka mtu asiyejua jibu linalotakiwa. Anayelijua jibu huliona hata mahali lisipokuwapo. Akanigeuza nisiione fimbo, akamwamrisha kijana aisogeze bila kutamka neno, nami niseme tu ninachokiona. “Imepanda,” nilisema. “Imeshuka. Imepanda.” Yeye aliandika upande fimbo ilipoelekea na neno nililotamka, kisha akanipeleka bawa la kulia tukarudia. Mwishoni akalinganisha safu mbili za maandishi yake, akatia sahihi.

Sisi walimu tunalielewa jambo hilo. Mnafunzi akiitwa ubaoni husoma uso wa mwalimu kabla ya kusoma swali, na mwalimu akikunja uso, jibu hugeuka. Jibu la namna hiyo halipimi kitu. Mzee alijua kwamba katika banda lile kila mtu, yeye akiwa wa kwanza, alitamani kusikia kwamba ndege iko tayari. Kwa hiyo alitafuta macho ambayo tamaa yake haikuweza kuyafikia. Mjukuu wake wa kike alikuwa ameahidiwa kiti cha kulia siku majaribio yatakapokwisha, na picha yake ilikuwa imebandikwa juu ya meza ya vifaa.

Kabla hatujaagana alimfundisha kijana ukaguzi atakaoufanya daima iwapo atakuwa rubani. Shika fimbo, simamisha dole gumba. Ilaze fimbo kushoto: dole gumba linaelekea eleroni ya kushoto, nayo ndiyo inayopaswa kuwa imepanda. Ilaze kulia: dole gumba linaelekea ile ya kulia. Dole gumba huielekea siku zote eleroni iliyo juu. Na macho lazima yatoke nje hadi kwenye bawa. Kuhisi mkononi hakutoshi.

Wengi wetu huku mashariki mwa Kongo tunazijua ndege ndogo zinazofika mahali ambapo barabara hazifiki. Mtoto anayesimama pembeni mwa kiwanja huona, muda mfupi kabla ya kuruka, vibawa vikipanda na kushuka kwenye ncha za mabawa, hudhani ndege inaaga, naye hupunga mkono. Sasa mnajua rubani anafanya nini. Anajiuliza maswali mawili: Je, vinasogea? Je, vinakwenda ninakoviamuru?

Vijana wa siku hizi, na nawaelewa, huuliza zaidi swali la kwanza. Hakuna anayenizuia, jambo langu linakwenda, moyo wangu hauna mkwaruzo. Basi niko salama. Kule bandani niliona kwamba ulaini hauna ushahidi wa kutosha. Hata mfumo uliogeuzwa husogea kwa ulaini. Tena niliona kwamba kufanana na wenzako si kipimo, maana eleroni mbili zaweza kukubaliana katika kosa. Na kwamba mtu aliyetulia aweza kubeba kasoro mbili zinazofichana, hadi siku atakaposukumwa mpaka mwisho wa uwezo wake.

Katika mkutano wenu ujao, chukueni jambo moja ambalo kikundi chenu kinajivunia kwamba linakwenda vizuri: sanduku la michango, mafundisho ya watoto, au urafiki wenu wenyewe. Mjiulize: tulilipima kwa kitu gani kilicho nje yetu? Limewahi kusukumwa mpaka mwisho, au tumeliona likiwa limetulia tu? Na ni nani, asiyelijua jibu tunalolitamani, ambaye tumemwomba asimame nyuma ya bawa na kutuambia anachokiona?